Sifongo ya Evdokia Mdogo

Mara ya tatu Themelina alipomtoa mumewe majini kabla hajamaliza shughuli iliyompeleka, Kapteni Mikes alitema kokwa ya zeituni baharini, akavua kofia, akajikuna upara.

"Binti wa Skevos," akasema, "hebu niambie ukweli. Unavua mume au unavua pweza?"

Sakellaris alikuwa ameng'ang'ania ubavu wa mashua, anahema, maji yanamchuruzika puani. Mkono wake wa kulia ulikuwa mtupu. Wa kushoto ulikuwa na alama nyekundu kwenye kifundo, pale kitanzi kilipomkaba alipovutwa bila kutarajia. Chini ya miguu yake jiwe lilikuwa likining'inia, jeupe, linazunguka taratibu kana kwamba halihusiki na lolote.

"Ulitikisa," Themelina akasema. Bado alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. "Mara mbili. Nimesikia kwa vidole vyangu hivi."

"Sikutikisa, mpenzi wangu."

"Mara mbili, Sakellaris!"

"Lilikuwa jiwe. Pale chini pana mteremko. Likitua linajikwaa, linajikwaa tena, ndipo linakaa."

"Jiwe, jiwe," Kapteni Mikes akadakia. "Tangu asubuhi mwanamke huyu anapigiwa simu na jiwe, na kila likipiga anapokea."

Themelina hakucheka. Alitazama lile jiwe kama mtu anavyomtazama mchongezi. Lilikuwa bapa la marumaru la kukumbatia, kingo zake zimelainika kama sabuni iliyotumika, na upande mmoja lina tundu la kupitishia kamba. Lilikuwa la babu yake Sakellaris, na kabla ya hapo la mtu mwingine ambaye jina lake halikumbukwi tena. Anayeshuka nalo havai viatu vya mpira vya kuogelea, havai miwani, habebi mtungi wa hewa. Ananyoosha mikono mbele, analishika, anajitupa nalo, na jiwe linampeleka. Kitanzi kinamfunga kifundo cha mkono na jiwe ili asipotee. Akifika anatikisa kamba mara moja: nimefika. Akimaliza analikanyaga jiwe, anatikisa mara mbili: nitoe. Na aliye juu anamtoa, kwa mikono yake, mkono juu ya mkono, mpaka kichwa kionekane.

Yaani aliye chini ana pumzi moja tu, na pumzi hiyo ameiweka mikononi mwa mwenzake.

Kwa hiyo pale Kamari, ghuba ndogo ya upande wa kaskazini wa kisiwa cha Kalymnos, Ugiriki, mke hakuwa anashika kamba ya mumewe. Hakuna sheria iliyoandikwa, wala padri hakupata kukataza. Ni hivyo tu. Alishika ndugu, alishika rafiki, hata mgomvi wako angeweza kushika na usiwe na wasiwasi, kwa sababu mgomvi ana subira. Mke, walisema, ana mikono ya haraka.

Lakini safari hii nani angeshika? Drosos, binamu yake Sakellaris, aliyemshikia tangu wakiwa vijana wa kuota ndevu, alikuwa amehamia Darwin, Australia, ambako nusu ya Kamari ilishakwenda. Kapteni Mikes bega lake la kulia halipandi kupita sikio. Vijana waliobaki wanapeleka kamba zao juu milimani, wanapandisha wageni kwenye majabali. Hakuna anayetaka kushusha kamba baharini siku hizi. Akabaki Themelina. Na Themelina mwenyewe ndiye aliyesema, "Nitashika mimi," kwa sauti kubwa, mbele ya watu, kwenye duka la mikate.

Sababu yenyewe ilikuwa inalala nyumbani, miezi minane, meno mawili. Ubatizo wa mtoto ulikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Na pale Kamari mtoto akipelekwa kubatizwa, asubuhi yake huoshwa kwa sifongo ambayo baba yake ameitoa baharini mwenyewe, kwa jiwe. Sio iliyonunuliwa. Za dukani wanauziwa watalii. Sakellaris alioshwa hivyo, baba yake alioshwa hivyo. Na sifongo haitoki majini ikaogesha siku hiyo hiyo. Inatoka nyeusi, inanuka, imejaa ule ute wake unaoitwa maziwa, inataka kukanyagwa na kulowekwa na kupigwa siku kadhaa. Redio ilikuwa imeshatangaza upepo wa kiangazi kuanzia Alhamisi, na ule ukianza hauachi kwa wiki nzima au mbili. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Bado mara moja," Sakellaris akasema kutoka majini.

"Hakuna cha mara moja," Kapteni Mikes akajibu. "Mdomo wako umekuwa rangi ya biringani. Panda. Jumatano nitawaleta tena, kwa sababu huyo mtoto nitamshika mimi kwenye maji ya ubatizo na sitaki anuke duka. Lakini Binti wa Skevos, nisikilize. Jumatano ukimvuta tena kwa sababu ya jiwe, nageuza mashua. Mkono wa mtu sio mkia wa punda."

Nyumbani, mama yake Themelina alikuwa jikoni. Jina lake Evdokia, na mjukuu ameitwa kwa jina lake kama ilivyo desturi ya mzaliwa wa kwanza wa kike, hata nyumba ikawa na Evdokia wawili na ugomvi mdogo mdogo usiokwisha: Evdokia kalia, Evdokia kala, Evdokia hataki kulala, na bibi akajibu, "Mimi? Mimi silii, semeni yupi."

Evdokia mdogo alikuwa kwenye susu yake, kitambaa kigumu kilichoning'inizwa kwa kamba kutoka kwenye boriti, karibu na mlango wa nyuma panapopita hewa. Kutoka kwenye susu ulitoka uzi mrefu. Mwisho wa uzi Bibi Evdokia alikuwa ameufunga kwenye kidole gumba cha mguu wake, huku mikono ikikata nyanya. Akiutikisa mguu, mtoto anabembea.

Bibi aliona mkono wa mkwewe, akatazama pembeni.

"Nilikwambia," akamwambia nyanya.

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Mimi baba yako nilimfungia chakula miaka kumi na minne. Nilimfulia, nilimsubiri ufukweni. Kamba yake sikuigusa. Sio kwamba sikutaka." Akakata nyanya nyingine. "Ningemtoa kila alipozama. Ningemtoa hata hajalowa."

Picha ya Skevos ilikuwa ukutani juu ya meza, kijana, kifua wazi, anacheka. Hakuzamia kwa jiwe yeye. Wa wakati wake walishuka na mpira wa hewa mdomoni, mashine inapumua juu ya mashua kwa niaba yao, na kwa kuwa hewa haikuisha walikaa chini, wakakaa, sifongo moja zaidi, moja zaidi. Themelina alikuwa na miaka saba siku waliyomleta nyumbani wamemlaza juu ya mlango ulioondolewa bawabani. Hewa ile ya chini ilikuwa imempooza, miguu yake haikumsikia tena. Aliishi muda mrefu baada ya hapo, dirishani, kwenye kiti, mpaka majira ya baridi ya mwaka juzi. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini akitaka kusimama alimwita mtu.

Alikaa chini mno. Ndivyo walivyosema watu wote siku ile, na mtoto wa miaka saba aliyasikia maneno hayo akayameza mazima.

Wakala mikate mikavu ya shayiri iliyolowekwa, nyanya na jibini. Baadaye Themelina alimkalisha mumewe kwenye ngazi ya nyuma, akampaka mafuta ya zeituni kwenye kifundo, taratibu, akizungusha kidole kwenye ile alama.

"Inauma?"

"Hapana."

"Mwongo."

"Kidogo." Akamtazama. "Themelina, sikiliza. Nimekuwa nafikiri. Pale kwa Nikitas dukani kuna sifongo nzuri. Laini. Hakuna atakayejua."

Afadhali angemgombeza. Tangu alipokuwa mjamzito, na tangu ile siku Sakellaris alipotoka majini macho yamegeuka na Drosos akampiga makofi mpaka akapumua, Themelina alikuwa amemwomba aache, naye akaacha. Hakulalamika hata siku moja. Alipaka rangi mashua za watu, alitengeneza pampu za hoteli, alirudi jioni, alimbeba binti yake. Lakini akipita karibu na lile jiwe uani alilisogeza kwa mguu kidogo, likae vizuri, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Themelina aliliona hilo kila siku. Hili la ubatizo ndilo jambo la kwanza Sakellaris alilomwomba tangu hapo, na sasa alikuwa tayari kulimeza pia.

"Mimi nitajua," akasema. "Wewe utajua. Na mwanangu aoshwe kwa sifongo ya dukani kama mtalii aliyeungua jua? Hata!"

Sakellaris akacheka. Halafu akachezea chupa ya mafuta.

"Basi kesho twende sisi wawili, na ngalawa aliyoiacha kaka yako. Ila utashuka wewe."

"Mimi?"

"Ulikuwa unashuka ulipokuwa msichana. Ulinishinda mara ngapi?"

"Mara zote. Lakini wakati ule sikuwa..." Akajigusa kifua. "Nina maziwa, Sakellaris. Ninavuja nikisikia hata paka analia."

"Sifongo nayo ina maziwa na imekaa huko chini maisha yake yote."

Akampiga na kitambaa cha mafuta. Lakini hakukataa.

Jumanne asubuhi bahari ilikuwa imelala kama kitambaa kilichopigwa pasi. Themelina alimnyonyesha Evdokia mdogo ufukweni, matiti yote mawili, mpaka mtoto akaachia mwenyewe, kidevu kikimng'aa. Akamkabidhi kwa bibi yake.

"Usiende naye juani."

"Nimelea watatu," Bibi Evdokia akasema. "Wewe nenda ukajizamishe kwa raha zako."

Ngalawa haikwenda mbali. Palikuwa na maji ya pima sita, chini mchanga na mteremko mdogo wa mawe. Sakellaris alimfunga kitanzi mkononi, akakikagua, akakikagua tena. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na kamba, na Themelina aliona jinsi uso wake ulivyobadilika, ukawa kama wa mwanafunzi anayesubiri swali.

Themelina akabana pua kwa kibanio cha mbao. Akavuta pumzi kutoka tumboni, polepole, akajaza kiuno, akajaza mbavu, akajaza koo. Akanyoosha mikono na jiwe likamchukua.

Alikuwa amesahau. Hilo ndilo lilikuwa wazo lake la kwanza: nilisahauje? Jiwe lilikwenda mbele yake kama mbwa anayeijua njia, na akiliinamisha kidogo kushoto naye anakwenda kushoto. Masikio yakabana, akameza, yakafunguka. Ubaridi ulimpita mwilini kama pazia. Kelele zote, za mashua, za nzi, za kichwa chake mwenyewe, zilibaki juu, zikawa za watu wengine. Moyo wake uliokuwa unakimbia tangu jana ukapunguza mwendo, ukatembea, ukakaa.

Jiwe likagusa chini. Akatikisa mara moja. Akafumbua macho zaidi, na ingawa kila kitu kilikuwa na ukungu aliona mchanga una mistari, aliona samaki mdogo wa rangi ya shaba anasimama kumtazama. Na akaona jambo ambalo hakuwahi kulifikiria kule juu akiwa na kamba mkononi: huku chini kulikuwa na nafasi. Kule juu muda ulikuwa mwembamba kama uzi. Huku ulikuwa mpana. Mtu angeweza kuinama, kuchagua, kugeuka. Hakuwa anakufa huku chini. Alikuwa amekaa mahali patulivu na pumzi yake mwenyewe, imemtosha.

Kumbe ndiko anakokuwa, akawaza. Kumbe namtoa huku.

Jiwe likateleza kwenye mteremko, likajikwaa, likajikwaa tena.

Na mkono wake ukanyakuliwa. Akapanda kama ndoo ya kisimani, miguu inapepea, nywele machoni, akatoka juu na maji mdomoni.

"Nani kakwambia univute?" akapiga kelele alipoweza.

Sakellaris alikuwa mweupe kama chokaa. "Ulitikisa."

"Sikutikisa!"

"Mara mbili, Themelina. Nimesikia kwa vidole..."

Wakatazamana, mke majini na mume juu ya ngalawa, kamba katikati yao. Sakellaris alianza kucheka kwanza, bila sauti, mabega tu. Themelina akataka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akanywa maji ya chumvi, akashika ubavu wa ngalawa akikohoa.

"Miaka yote unazamia wewe," akasema, "na hujui jiwe na mtu?"

"Sijawahi kushika kamba. Nilikuwa naambiwa mikono yangu ni ya kuzamia tu, Drosos ndiye wa kushika." Akajifuta uso. "Mke wangu, sikujua kuwa hivi ndivyo ilivyo. Kamba ilipokaa kimya, nilitaka kuruka."

"Sasa umejua."

"Nimejua. Nisamehe kwa kila siku uliyosimama ufukweni."

Kutoka ufukweni sauti ya Bibi Evdokia ikavuka maji: "Mbona umerudi upesi hivyo? Umesahau nini?"

Alishuka tena, na tena. Mara ya mwisho Sakellaris alisubiri, akamtoa pale tu alipotikisa mwenyewe. Lakini walipofunga ngalawa alikiri kwamba alibahatisha. Jiwe likijikwaa na mkono ukitikisa, kwenye vidole vyake vilikuwa kitu kimoja. Drosos alijua tofauti, lakini Drosos hakupata kuisema, na kwa sasa simu yake huko Darwin ilikuwa imezimwa.

"Basi Jumatano itakuwa kama Jumatatu," Themelina akasema.

"Itakuwa vyovyote itakavyokuwa," Sakellaris akasema, akambeba binti yake begani wakapanda nyumbani.

Mchana ule Themelina alikuwa anamenya viazi kizingitini, uzi wa susu umefungwa kwenye kifundo cha mkono wake. Mama yake alikuwa anaanika nguo uani. Uzi ukacheza. Ukacheza tena.

"Mtoto kaamka," Bibi Evdokia akasema, akaweka kapu chini.

"Hajaamka, mama. Ni upepo huo."

"Umejuaje? Hata hujageuka."

"Upepo unavuta unaachia, uzi unalala. Yeye akivuta anashika, halafu ndio anaachia polepole. Anavuta kama..."

Kisu kikabaki hewani. Kiazi kikamponyoka, kikajiviringisha mpaka kwenye miguu ya mama yake.

"Kama nini?" mama akauliza.

Themelina alikuwa ameukamata uzi katikati ya kidole gumba na cha shahada, macho amefumba. Upepo ulipiga susu: mguso, kisha uzi mlegevu, umekufa. Mguso, mlegevu. Akasubiri. Akakaa pale viazi vikigeuka rangi, mama yake amesimama na shati lililolowa mkononi bila kuelewa, mpaka Evdokia mdogo alipoamka kweli ndani ya kitambaa akanyoosha mguu. Uzi ukakaza, ukabaki umekaza kidogo, kana kwamba upande wa pili kuna mtu anauliza jambo, ndipo ukarudi.

"Sasa kaamka," Themelina akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Mchukue, mama. Sasa ndio kaamka."

Jumatano upepo haukungoja Alhamisi. Tangu asubuhi bahari ilikuwa na mikunjo, na Kapteni Mikes alitazama anga kama mtu anayedaiwa.

"Mara moja," akasema. "Moja tu, kisha tunarudi. Sitaki kugombana na hewa."

Mahali penyewe paliitwa Kiti cha Askofu, jabali chini ya maji, pima kumi na mbili, ambako sifongo zilikuwa zimeanza kuota tena baada ya ule ugonjwa uliozimaliza miaka ya nyuma. Sakellaris alikaa ukingoni na jiwe mapajani. Themelina alimfunga kitanzi. Chini yake alikuwa amezungusha kipande cha nepi laini ya mtoto, kisimkwaruze pale palipochubuka. Kapteni Mikes aliona nepi ile, akafungua mdomo, akaufunga.

"Uko wapi?" Sakellaris akamuuliza mkewe kwa sauti ndogo. Ndivyo alivyozoea kumuuliza Drosos.

"Niko hapa. Kaa unavyotaka. Ukiniita nitakutoa."

Akajichora msalaba. Akavuta pumzi, ndefu, ya mwisho, akajitupa.

Kamba ikakimbia mikononi mwa Themelina. Vifundo vya sufu nyekundu vilipita kimoja kimoja, kila pima kifundo, mpaka kamba ikasimama. Mtikiso mmoja. Amefika.

Kisha kimya. Mawimbi yalianza kupiga ubavu wa mashua, puu, puu, na kamba ikapanda na kushuka nayo. Themelina alilegeza viwiko, akaiacha mikono iende na mashua, akabaki na vidole tu.

Kamba ikaruka. Ikaruka tena.

"Vuta!" Kapteni Mikes akasema. Alikuwa amekuja karibu bila kujua, mkono wake mzima umenyooshwa. "Anaita, vuta!"

"Hilo ni jiwe, kapteni."

"Themelina! Mara mbili, nimeona kwa macho!"

"Shh," akasema, kama alivyosema kila siku mchana nyumbani kwake. "Utamwamsha."

Mzee yule akashusha mkono.

Sasa hakukuwa na kitu mikononi mwa Themelina isipokuwa uzito. Hofu ilikuja, ndiyo ilikuja, na mlango ule walioubeba watu wanne, na miguu ya baba yake inayoning'inia pembeni. Aliiacha ipite. Hakuisukuma. Baba, akasema moyoni, huyu hayuko ulikokuwa wewe, huyu ana pumzi yake mwenyewe, nami nimeenda nikaona. Akafikiri juu ya ile nafasi kule chini, ule upana. Mumewe alikuwa humo sasa hivi, ameinama, anachagua. Amwache achague. Maziwa yakamtoka ghafla, yakalowesha blauzi, na hakusogea.

Hakuhesabu. Alisubiri kama mtu anavyosubiri mlangoni, anajua yumo ndani, anajua atafungua.

Kamba ikakaza. Ikabaki imekaza kidogo, ikarudi polepole. Ikakaza tena, ikabaki, ikarudi.

"Sasa," Themelina akasema, na akavuta.

Mkono juu ya mkono. Hakukurupuka wala hakuchelewa. Mtu na jiwe ni mzigo, mgongo ulimwaka, kamba ilimchoma viganja, na sufu nyekundu ilirundikana miguuni pake. Kapteni Mikes alikuwa nyuma yake akiikunja kwa mkono mmoja, akinong'ona majina ya watakatifu wote aliowajua na wengine wawili watatu ambao nadhani hawapo. Kichwa kikatoka. Midomo ya Sakellaris ilikuwa na rangi ya mtu. Akapuliza, akavuta hewa, akapuliza, macho yake yakamtafuta mkewe yakampata.

"Uko wapi?" Themelina akamuuliza.

"Hapa," akajibu.

Akainua mkono wa kulia. Ndani yake kulikuwa na dubwana jeusi, lenye utelezi, linanuka kama kisima kilichosahaulika, kubwa kuliko kichwa cha mtoto.

"Mungu wangu, ni baya," Themelina akasema, akalichukua akalikumbatia kwenye ile blauzi iliyolowa.

Kapteni Mikes alikohoa. Aliwasha mashine ya mashua, akaizima, akawasha tena. "Drosos," akasema hatimaye bila kugeuka, "kwenye jabali hili alikuwa anavuta mapema. Sikutaka kusema alipokuwapo."

Ufukweni walivua viatu. Sifongo ikawekwa juu ya mwamba bapa na Sakellaris na Themelina wakaikanyaga kwa zamu, halafu pamoja, wameshikana mabega, na maziwa yake yakatoka, ya kijivu, mazito, yakateremka kati ya changarawe mpaka majini. Evdokia mdogo, mikononi mwa bibi yake, aliangalia miguu ya wazazi wake ikicheza juu ya kitu kile, akapiga ukelele wa furaha.

"Chukueni huyu," Bibi Evdokia akasema, akampa Themelina mtoto.

Akaenda kwenye mashua. Kamba ilikuwa chini, imerundikana bado mbichi, na hakuna aliyemwambia aikunje. Alishika mwisho wake. Alivuta kidogo, akalisikia lile jiwe likisogea kwenye mbao, akasimama hivyo, mgongo amewapa, sufu nyekundu ikidondosha maji kwenye kiatu chake cheusi.

"Kumbe ni nzito," akasema.

"Ni nzito, mama," Themelina akasema.

"Baba yako angenipa, ningeshika." Akaanza kuikunja, duara kwa duara, akilainisha kila kifundo kwa kidole gumba. "Ningejifunza. Mbona wewe umejifunza."

Jumapili ya ubatizo upepo ulikuwa bado unavuma, na kengele zilisikika mara upande huu mara upande ule. Sifongo ilikuwa ya rangi ya asali. Themelina aliijaza maji ya uvuguvugu, akaikamua juu ya mgongo mdogo, na Evdokia mdogo akageuka kwa mkono wa haraka, akaikamata, akaing'ata kwa meno yake yote mawili. Baba yake alitaka kumnyang'anya.

"Mwache," Themelina akasema. "Mwache kwanza. Ataachia mwenyewe."